Jirani kalipwa mara tatu yangu, na ndama tulikuwa nao sawa

SWALI: Shikamoo Mzee. Nafuga ng'ombe wa nyama katika kaunti moja ya mashambani huku Nebraska. Serikali ilipotoa fidia ya korona kwa wakulima mwaka 2020, nilikuwa na ndama 40. Jirani yangu naye alikuwa na 40, wote chini ya ratili 600. Yeye alipata jumla ya dola 4,080, mimi 1,320. Karani wa ofisi ya kilimo ya kaunti amesoma naye. Niliudhika, sikukanyaga tena ofisi ile. Je, huo si upendeleo? Naweza kudai tofauti?
Mfugaji, Nebraska

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani yako aliuza lini? Hilo hukuniandikia, na jibu lote limekaa hapo.

Gawa pesa zake kwa ndama 40, unapata dola 102. Gawa zako, unapata 33. Viwango hivyo vilipangwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani kwa nchi nzima, katika awamu ya kwanza ya CFAP, yaani mpango wenyewe wa fidia hiyo ya korona. Ndama wa uzito huo aliyeuzwa kati ya 15 Januari na 15 Aprili 2020 alilipiwa 102, kwa kuwa mwenyewe alishaumia: bei ilikuwa imeporomoka naye ameshauza. Ng'ombe aliyekuwa bado zizini kati ya 16 Aprili na 14 Mei alilipiwa 33, kwa hesabu kwamba mwenye naye bado anaweza kuvizia bei nzuri. Karani hakuwa na pa kuongeza wala pa kupunguza, hata kama walinyonya ziwa moja na jirani yako.

Mimi fomu yangu niliijazia ndani ya pikapu, simu begani, maana Mei ile ofisi zilihudumia watu kwa simu. Nilitaja ndama 26. Karani akaniuliza tarehe mara tatu, mpaka nikahisi ananiona mwongo. Kumbe tarehe ndiyo pesa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ulipojikwaa. Septemba 2020 ikaja awamu ya pili. Safari hii walihesabu idadi kubwa kabisa ya ng'ombe uliokuwa nao siku yoyote kati ya 16 Aprili na 31 Agosti, ukiondoa wa kuzalisha, dola 55 kila mmoja. Kama ndama wako 40 walikuwepo, hizo ni dola 2,200. Jirani yako aliyeuza mapema hakuwa na chake kwa ndama wale. Maombi yalifungwa 11 Desemba, yakafunguliwa tena Aprili 2021 hadi 12 Oktoba mwaka huo. Muda wote huo wewe ulikuwa umenuna nyumbani. Nasema kwa upendo, ila 2,200 hizo sasa hazidaiki.

Piga hesabu ya jinsi ambavyo ingekuwa: 1,320, jumlisha 2,200, jumlisha nyongeza ya dola 7 kwa kila ndama aliyelipiwa zile 33, yaani 280. Jumla 3,800. Jirani angekuzidi dola 280 tu, naye aliuza ndama wake wakati soko limelala chali.

Hiyo nyongeza ya 7 haikuhitaji uombe upya. Ilitolewa kuanzia Aprili 2021 kwa waliokwisha kuidhinishwa awamu ya kwanza. Fungua taarifa zako za benki za mwaka ule uitafute. Usipoiona, piga simu ofisini uulize. Utajibiwa na karani yuleyule, kwa hiyo anza na salamu.