Nichukue kozi ya siku tano ya udereva kabla ya kuanza safari za Singida?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naishi Kisasa, Dodoma. Nina leseni ya daraja D, huu mwaka wa tatu, naendesha gari dogo la otomatiki lenye injini ya 1300, ila nazunguka mjini tu. Kazini nimehamishiwa Singida na nitakuwa nakwenda na kurudi kila mwisho wa wiki. Kinachonitisha ni kuovateki malori. Nimeona tangazo la kozi ya siku tano ya udereva wa kujihami, kwa muda wa saa nne kila siku: wanafundisha kukwepa, kufunga breki za ghafla na kulirudisha gari likiteleza, na mwishoni unapewa cheti. Niichukue, au nizoee taratibu barabarani?

JIBU: Marahaba. Kabla hujalipa, waulize mtakuwa wangapi kwenye gari moja. Siku tano kwa saa nne ni saa 20. Mkiwa sita, kila mmoja anashika usukani kwa saa tatu na dakika ishirini tu wiki nzima, muda uliobaki umekaa kiti cha nyuma unamwangalia mwenzako. Mkiwa wawili ni saa kumi, na hapo kuna cha kuzungumza. Kisha uliza saa hizo ni za wapi. Kama ni uwanjani katikati ya koni, kwa mwendo wa 20, haziigusi hofu yako. Wewe unaogopa kilichoko baada ya Bahi, ukiwa kwenye 80 nyuma ya semi, lile lori refu la tela, inayoelekea Rwanda.

Ingekuwa hiari yangu, saa hizo kumi ungezigawa: mbili kila Jumamosi kwa wiki tano, mwalimu pembeni, barabara kuu, na katikati ya wiki unarudia mwenyewe kile ulichosahihishwa. Ujuzi wa mikono na macho unashika zaidi ukiachiwa nafasi kati ya somo na somo. Ukisongwa siku tano mfululizo, siku ya tano unaonekana hodari, halafu baada ya mwezi mengi yamepotea. Kama tarehe ya kuripoti Singida imeshafika na huna wiki tano, chukua ya siku tano, lakini iwe ya watu wawili na iwe barabarani.

Sasa nije kwenye hayo maneno ya tangazo, kukwepa na kulirudisha gari. Karibu kila anayeuliza kuhusu kozi hizi anaamini dereva mzuri ni yule anayejua kujinasua. Imani hiyo inaua watu. Norwei waliwahi kuwafundisha madereva wapya kudhibiti gari kwenye utelezi, na uchunguzi uliofanywa miaka ya 1980 ukaonyesha kwamba vijana wa kiume waliopitia mafunzo hayo walipata ajali za utelezi nyingi zaidi, si chache. Walitoka wakijiamini, wakaongeza mwendo. Somo la nusu siku linakupa ujasiri wa miaka na ustadi wa wiki mbili.

Breki za ghafla zenyewe hazihitaji siku nzima. Gari lako likiwa na ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukifunga breki, kanyaga kwa nguvu zote na usiachie, hata pedali ikitetemeka na kukwaruza chini ya mguu. Mtetemo huo ndio mfumo unafanya kazi. Wengi wakiusikia wanaachia, na hapo ndipo wanapogonga. Lijaribu mara kadhaa kwenye eneo wazi na salama, basi. Lakini elewa mipaka yake: kwenye 80, mpaka ushtuke na mguu ufike kwenye breki umeshakwenda kama mita 33, na lami ikiwa kavu unahitaji nyingine kama 35 ili gari lisimame. Kwenye 100 jumla inakaribia mita 100. Hakuna mwalimu atakayekupunguzia hizo. Kinachozipunguza ni mwendo uliochagua na nafasi uliyoacha mbele yako.

Kuovateki ni vivyo hivyo, ni hesabu kabla ya kuwa ushujaa. Lori linakwenda 60, wewe 90, kwa hiyo unalipita kwa tofauti ya 30, yaani kama mita 8 kwa sekunde. Semi ina urefu wa mita 18 hivi. Weka mita 25 nyuma yake na 25 mbele yake kabla hujarudi upande wako, na urefu wa gari lako. Hiyo ni karibu sekunde 9. Ndani ya sekunde hizo wewe unakwenda zaidi ya mita 200, na basi linalokuja mbele kwa mwendo wa 100 linakwenda mita 240 au zaidi. Kwa hiyo barabara tupu unayotakiwa kuiona kwa macho yako, bila kilima wala kona, ni mita 500 kwenda juu. Hapo nimechukulia tayari uko kwenye 90. Ukianzia 60 na injini ya 1300, abiria wanne na AC inafanya kazi, ongeza nyingine nyingi. Zima AC, zima overdraivu (ile gia ya juu ya mwendo mrefu) kama gari lako lina kitufe cha O/D, au kanyaga mafuta mpaka chini ili gia ishuke, na ufanye hivyo ukiwa bado upande wako, siyo ukishatoka.

Kosa ninaloliona mno kwa madereva wa mjini ni kulisogelea lori mpaka wanaona bampa tu, kisha wanachungulia kwa kutoa pua. Kaa nyuma, sekunde tatu au nne. Ukiwa mbali unaona barabara nzima, na ukipata nafasi unaanza kuchanganya mwendo mapema. Indiketa ya kushoto ya dereva wa lori inayokwambia pita ni maoni yake. Yeye hajui gari lako lina nguvu kiasi gani.

Kwenye mwinuko wa kwenda Manyoni malori yanatambaa na foleni inawaka hasira. Tulia hapo. Ukirudi Dodoma unashuka, teremka na gia ndogo, usiikalie breki. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali inalainika, simama pembeni zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, diski zitapinda. Mvua za kwanza mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, vumbi na mafuta vikiwa bado juu ya lami, punguza mwendo kuliko katikati ya masika. Maji yakiwa yanapita juu ya barabara penye korongo, usipime kina kwa gari.

Na kuhusu cheti: vishoka wamejaa. Wapo wanaokuuzia cheti cha udereva wa kujihami bila wewe kukaa kwenye gari, na wapo wanaojiita walimu kwa sababu tu wameendesha daladala miaka mingi. Cheti hicho hakitakuongezea hata mita moja ya kuona mbele. Nenda kwenye chuo kilichosajiliwa, au uliza VETA. Lione gari la mafunzo kabla hujatoa hela: je, upande wa mwalimu kuna breki yake? Tairi zina kashata, yaani meno yake hayajaisha? Wakikwambia uje na gari lako mwenyewe, maana yake mwalimu hana breki ya kukusaidia kwenye mwendo wa 80 nyuma ya semi. Masomo ya barabara kuu usiyafanye hivyo. Omba pia ratiba iliyoandikwa, ikionyesha saa zako za usukani na barabara mtakazopita. Wakikosa kuiandika, hela yako ibaki kwako.