Jibu: Kuacha sigara, halafu bia ikakurudisha

Jambo ndugu yangu wa Goma. Unasema uliacha sigara tangu Pasaka, kisha Jumamosi, kwenye nganda (baa) moja huko Birere, rafiki akakuwashia moja, na sasa unazinunua tena mojamoja barabarani.

Kabla ya kulaumu moyo wako, angalia bia. Ukali wa kukosa nikotini, ile dawa ya sigara inayokufanya uitamani, hupungua sana ndani ya wiki 2 hadi 4. Hamu inayokuja baadaye huamshwa na mahali, watu na pombe. Mimi nilipoacha, hapa Bukavu, nilihama meza: wenzangu nikawa nakutana nao asubuhi kwa chai na mandazi, si jioni kwenye chupa. Wengine walinuna. Waache wanune.

Hamu ikikushika, mara nyingi hupita baada ya dakika chache. Toka nje, kunywa maji, tafuna tangawizi. Kijana anayekuuzia mwambie waziwazi asikupe hata ukimwomba deni. Wangu alikubali, akawa ananiuzia karanga.

Ulizia pia farmasi chingamu ya nikotini, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Kama una shida ya moyo, daktari kwanza.

Usisubiri Jumatatu. Zilizobaki mfukoni zivunje leo.