Kabla hujajaza nchi ya filamu, mtafute jogoo
Wadogo zangu mliojiunga nasi kwenye hifadhi ya filamu za kale, wiki hii nimerudishiwa fomu tatu za kuorodhesha filamu, na zote nafasi ya nchi ilikotengenezwa imejazwa "Uingereza" eti kwa kuwa maandishi ya kati, yale yanayotokea kati ya picha kueleza hadithi, ni ya Kiingereza. Nimeumia, maana kosa hilo nalijua kwa ndani.

1. Lugha ya maandishi si cheti cha kuzaliwa. Enzi ya filamu bubu, kampuni za filamu za Pathé ya Ufaransa na Nordisk ya Copenhagen, Denmark, ziliuza dunia nzima, na kila mnunuzi alipata maandishi ya lugha yake. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kopo la ukanda uliokatika mwanzo na mwisho. Nikasoma Kiingereza, nikajaza Uingereza, nikaenda kula. Miezi minane baadaye filamu ikaoneshwa ukumbini, na nchi niliyoijaza imechapwa kwenye ratiba. Dakika ya pili, mwigizaji mmoja akasogea kando. Nyuma yake, kwenye ukuta wa kuchorwa: jogoo. Jogoo, nembo ya Pathé! Kampuni ilimweka ndani ya mandhari kusudi wezi wa nakala wasijidai wenye mali. Nilikuwa nimempita mara tatu mezani, kwa sababu nilisoma tu, sikutazama. Watu wakapiga makofi, mimi nimekaa nimeinama. Usiku uleule nikamwendea mkuu wangu, nikakiri. Hakunigombeza, alinifungulia chumba nikaupitia ukanda fremu kwa fremu, yaani picha moja moja, hadi alfajiri.

2. Georges Méliès, mtengenezaji filamu Mfaransa, naye aliweka nyota, nembo ya kampuni yake Star Film, kwenye mapambo ya mandhari yake.

3. Kivuli cha mbao za paa kikipita "sebuleni", msiandike dosari. Studio ya Méliès ya Montreuil, Ufaransa, 1897, ilikuwa nyumba ya vioo, na ile ya Babelsberg, Ujerumani, iliyoanza kazi Februari 1912 vilevile, kwani taa zilikuwa hazijatosha na jua ndilo lililofanya kazi. Mapambo yalipakwa kijivu, maana ukanda wa wakati ule uliigeuza nyekundu kuwa nyeusi. Na tafadhali, msiniambie "nakala nyingine ipo mahali". Mwaka 1923, akiwa amefilisika, Méliès alizichoma mwenyewe negativu zake, yaani kanda mama za kutolea nakala. Kila nikifungua kopo lake nakumbuka moto ule.

4. Filamu bubu hizi msiziendeshe kwa fremu 24 kwa sekunde, kasi ya filamu za sauti, jamani!

Fomu zenu ziko mezani kwangu. Mojawapo ya filamu zile ina jogoo, juu ya mlango. Sisemi ni ipi.