Kabla Hujasaini Kwenda Kupika Katikati ya Australia

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mombasa, mpishi mwenzangu, alinitumia ujumbe mrefu. Amepata ofa ya kazi kwenye hoteli ya mji mdogo huko ndani kabisa ya jimbo la Queensland, Australia, mbali na pwani. Mshahara ukiugeuza kuwa shilingi unatia kizunguzungu, chumba bure, chakula bure. Salamu zilikuwa nyingi, akataja wakala anayetaka hela, akauliza kuhusu mkewe na mtoto, lakini swali kuu lilikuwa fupi: "Kaka, niende au nisiende? Watu wananiambia huko nitakufa kwa upweke."

Nimeamua kumjibu hapa kwa sababu si yeye wa kwanza kuniuliza. Na kwa sababu nyingine, niseme tu ukweli. Nilipohamia huku jangwani kupika, kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa Brisbane, mji mkuu wa jimbo, nilibatizwa jina: Mpishi wa Kangaruu. Kuna mtu aliandika kwamba nimekimbia ustaarabu. Leo huyo huyo ananitumia namba za wapwa zake niwaunganishie kazi. Simtaji, lakini sijasahau.

Mji ninaokaa siutaji. Pakiwa na watu wasiofika mia, kuutaja mji ni kuwataja wote kwa majina, na wapo watakaopitisha makala hii kwenye mashine ya kutafsiri ili waone nimewasema nini. Tosha ujue tuko Channel Country, kusini-magharibi ya Queensland, pale ambapo mito ya Georgina, Diamantina na Cooper Creek inatawanyika kuwa vijito visivyohesabika kabla ya kuelekea Ziwa Eyre. Wilaya ya Diamantina peke yake, yenye Birdsville na Bedourie, ina zaidi ya kilomita za mraba 90,000. Rwanda na Burundi zote zinaingia humo na nafasi inabaki. Wakazi wake hawafiki 400. Kutoka Birdsville hadi Brisbane ni kama kilomita 1,600 kwa barabara. Dar es Salaam hadi Mwanza hakufui dafu.

Sasa huo upweke. Mdogo wangu, upweke si tatizo. Tatizo ni kwamba huna pa kujificha.

Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga, nikapika Zanzibar, nikapika Muscat. Kote huko nikichoka na watu naingia mtaa wa pili, hakuna anayenijua. Huku hakuna mtaa wa pili. Taa yako ikiwaka saa nane za usiku, wakati wa chai ya asubuhi utaulizwa kama unaumwa. Kifurushi chako kikija, kila mtu anajua kimetoka duka gani. Ukigombana na mtu leo, kesho ndiye anayekuwekea dizeli, keshokutwa ndiye anayekukabidhi barua, na jioni zote ndiye anayekula chakula chako. Tena ndiye dereva wa gari la zimamoto. Kununiana ni anasa ya watu wa mjini.

Wengi wanaoshindwa huku wanashindwa hapo. Nimeona wapishi wazuri kuliko mimi wakiondoka, na si kwa joto wala nzi. Walitaka kufanya kazi, kulala, kulipwa, kuachwa. Mji mdogo haukuachi. Hautakufukuza, ila utakaa hapo kama kiti cha mgeni mpaka siku utakapoingia kwenye zamu zao.

Mimi niliingia hivi. Huku mgonjwa mahututi anafuatwa na ndege, wale madaktari wa ndege wa Royal Flying Doctor Service, shirika lililoanza mwaka 1928 na ndege yake ya kwanza ikaruka kutoka Cloncurry, Queensland hii hii. Kwenye mashamba ya ng'ombe wana sanduku la dawa ambalo kila dawa ina namba yake. Daktari yuko kwenye simu, mbali huko, anauliza maswali, kisha anasema mpe namba fulani, mbili, asubuhi na jioni. Nilipoliona mara ya kwanza nilicheka. Siku hizi sicheki.

Usiku mmoja mama anayesimamia kituo cha mafuta alinigongea dirisha. Mchunga ng'ombe ameanguka na pikipiki, ndege iko njiani, taa za uwanja zina hitilafu, niwashe gari. Tulipofika nilikuta watu wamepanga makopo kandokando ya njia ya ndege, na ndani ya kila kopo kuna bunda la karatasi za chooni lililoloweshwa dizeli. Ndizo taa. Zinawaka vizuri sana, moto wa njano usiozimwa na upepo mdogo. Kazi yangu ilikuwa kuendesha kuanzia mwanzo wa njia hadi mwisho nikipiga honi, kufukuza kangaruu. Unawafukuza huku, wanazunguka kule. Macho yao tu unayaona. Nilikwenda na kurudi mpaka rubani akasema kwa redio sasa nipishe.

Hakuna aliyenishukuru. Ila wiki ile ile jina langu lilikuwa kwenye orodha ya zamu za uwanja, ubaoni, bila kuulizwa. Kuanzia hapo mambo yalibadilika: nikaambiwa nani ana mbuzi wa kuuza, fundi akaja kutazama friza Jumapili, nikaalikwa kwenye mazishi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: tafuta orodha, uingie. Zimamoto, kamati ya mbio za farasi, usafi wa makaburi, chochote. Usingoje kuombwa.

Na usije ukidhani ardhi hii ni tupu, eti hakuna mtu. Ina wenyewe, watu wa asili wa Australia. Upande wa Birdsville ni Wangkangurru na Yarluyandi, ukija mashariki kuna Wamithaka, na wanaijua nchi hii kabla ya ng'ombe na hoteli zote. Sikiliza zaidi ya unavyosema.

Najua swali linalofuata, maana umeandika "assalaam alaykum" kwa kirefu. Ndiyo, hoteli ya mji ni baa yenye vyumba. Mimi nilimwambia bosi kabla sijapanda ndege: jikoni ni kwangu, kaunta ya bia si yangu. Alikubali kwa neno moja. Kutokunywa hakujanitenga na mtu. Nakaa nao na soda yangu ya limau, tunazungumzia mvua. Kuhusu bekoni ya asubuhi, hilo nimeshaulizwa na mjomba wangu kule Tanga, na jibu liko kati yangu na Mola wangu.

Ila nikwambie kitu. Ukishuka na Birdsville Track, kilomita 517 za vumbi na mawe, unafika Marree, Australia Kusini. Hapo karne ya kumi na tisa waliishi wachunga ngamia waliotoka upande wa Afghanistan, Pakistan na India ya leo. Wazungu waliwaita wote Waafghani bila kujali wametoka wapi. Wao na ngamia wao ndio waliobeba sufu, unga na vyuma vya reli kabla ya malori. Miaka ya 1880 walijenga hapo msikiti wa udongo, miongoni mwa misikiti ya kwanza kabisa nchi hii, na mitende waliyopanda ingali inaonekana. Niliswali adhuhuri pale peke yangu. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza Mwislamu anafanya nini jangwani, namwambia aulize ngamia.

Chakula sasa, maana hilo ndilo letu. Lori huja mara moja kwa wiki barabara ikiwa nzuri. Oda unaiandika siku kadhaa kabla, na ukisahau kitunguu, umesahau kitunguu. Hakuna kumtuma kijana sokoni. Nyama ya ng'ombe ni tele. Mboga za majani utaziota. Unga wa sembe naagiza Brisbane, unasafiri mpaka unachoka.

Na kuna mafuriko. Machi 2025 mvua kubwa ilinyesha magharibi ya Queensland, na sehemu kadhaa za Channel Country maji yakapita kiwango cha 1974, mwaka ambao wazee wa huku wanauhadithia kama sisi tunavyohadithia El Niño ya 1997. Mifugo zaidi ya laki moja ilikufa au kupotea. Ajabu yake, mji unaweza kuzingirwa na maji huku juu ni jua kali na hakuna hata wingu, maana mvua yenyewe ilinyesha siku nyingi nyuma, mamia ya kilomita juu ya mto. Unayaona maji yanakuja taratibu, rangi ya chai ya maziwa, unahesabu mafriza.

Mkate uliisha kwanza. Nilikuwa na unga wa ngano, mafuta na chumvi, nikasukuma chapati. Chapati inapenda maji ya uvuguvugu, na huku hata bomba la baridi linatoa maji ya moto, kwa sababu yanapanda kutoka hifadhi kubwa ya chini ya ardhi, Great Artesian Basin. Birdsville yanatoka kisimani yakiwa na nyuzijoto 98. Kasoro ni harufu ya yai viza. Dawa yake ni kuyamwaga kwenye sinia pana na kuyaacha kidogo, harufu inaruka, joto linashuka, unakanda. Mji mzima ulikula chapati na nyama ya kuchoma mpaka helikopta ikaleta mikate, na mikate ilipofika kuna waliouliza kama chapati zitaendelea. Zimeendelea. Kila Alhamisi. Huyo ndiye Mpishi wa Kangaruu.

Barabarani: tunakaa kushoto kama nyumbani, hilo limekaa sawa. Mengine jifunze upya. Usiendeshe jua linapozama, ndipo kangaruu wanapotoka. Malori yao yenye matrela yanafika urefu wa mita 53.5, ukilikuta kwenye vumbi, pisha, simama, ngoja. Beba maji na tairi mbili za akiba, mwambie mtu unafika lini, na gari likifa usiliache ukaanza kutembea. Na kila dereva unayepishana naye nyanyua kidole kwenye usukani. Usiponyanyua, habari zitakutangulia kufika.

Sasa karatasi, na hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu paliniuma na bado panauma.

Kabla ya mji huu nilikuwa mji mwingine, jimbo jingine. "Chumba bure" ikaja kuwa bure siku unazofanya kazi. Chumba chenyewe ni kontena lenye kiyoyozi kinachonguruma usiku kucha. Kuanzia Novemba hadi Machi watalii hawaji, joto linapita nyuzi 45, jiko likapunguzwa saa, mshahara ukapungua, kodi ya kontena ikaanza kukatwa. Nilipouliza niliambiwa mlango uko wazi, na aliyeniambia alijua vizuri kwamba viza yangu imefungwa kwake.

Vijana wa Ulaya tuliokuwa nao hawakujali. Wao wana viza ya likizo na kazi, wanahesabu siku 88 za kazi wanazotakiwa kufanya ili waongezewe mwaka, wakikasirika wanabeba mabegi. Sisi wa Tanzania na Kenya viza hiyo hatuna. Enzi zangu ukiachana na mwajiri aliyekufadhili, yaani aliyekudhamini upate viza, ulikuwa na siku 60 za kupata mwingine. Nilipata, kwa jasho. Tangu Julai 2024 ni siku 180, mmepata nafuu.

Basi sikilizeni, na simwambii huyu wa Mombasa peke yake. Umesema kuna wakala anataka hela ya "kukununulia ufadhili". Kuuza ufadhili wa viza Australia ni kosa tangu 2015, na kununua pia ni kosa. Ada ya maombi yako mwenyewe ni kitu kingine, hiyo unalipa. Makato ya mshahara, ukiacha yale ya kisheria kama kodi ya mapato, lazima uyakubali kwa maandishi, na yawe kwa faida yako. Ukionewa kuna ofisi ya serikali, Fair Work Ombudsman, na inasikiliza hata mwenye viza ya muda. Mbona vijana wetu tunasoma masharti ya bando la simu kuliko mkataba wa miaka? Mshahara mkubwa kwenye karatasi haujawa mshahara mpaka ujue makato. Uliza. Andika. Hifadhi nakala. Narudia: uliza, andika, hifadhi.

Mwisho umeuliza kuhusu mkeo na mtoto. Miji mingi ya huku ina shule ndogo ya msingi yenye watoto wachache, darasa moja la watoto wa umri wote. Walio mashambani wanasoma kwa masafa, mfumo uliozaliwa Alice Springs mwaka 1951 kwa redio na leo unakwenda kwa intaneti ya setilaiti. Sekondari, watoto wengi hupelekwa bweni mbali. Mkeo akiwa na ujuzi wa kazi, halmashauri karibu kila mara inatafuta watu. Akiwa hapendi kuulizwa maswali na majirani, soma tena pale nilipozungumzia kujificha.

Mwandikie bosi maswali haya: jiko linafungwa miezi gani, kipindi hicho nalipwa saa ngapi, chumba kinakatwa au hakikatwi, na nikiugua nani analipa nauli ya kwenda kwa daktari. Akikupigia simu badala ya kujibu, mwombe kwa adabu aandike. Majibu yakifika nitumie niyasome kabla hujatia saini. Nitachelewa kidogo tu, mji wa jirani wana mbio za farasi na wameniazima kwa bosi wangu nikawasimamie jiko.