Maswali ya Wasomaji: Kuunda Upya Austin 7 ya Mashindano

Barua tatu za safari hii zote zinahusu gari moja: Austin 7, lililotengenezwa Uingereza tangu 1922 hadi 1939. Injini yake ina silinda nne na, ukiacha magari ya mwanzo kabisa, ujazo wa sisi (cc) 747 tu. Toleo lake la mashindano, Ulster, lilichukua jina la mashindano ya magari ya Ulster, Ireland ya Kaskazini, ya 1929, na mwaka 1930 madereva S.C.H. Davis na Earl of March walishinda nalo mbio za maili 500 za Brooklands, uwanja wa mbio wa Uingereza, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 134 kwa saa. Siri ya gari hili ni wepesi. Kila kilo utakayoiongeza utailipia kwenye kona na kwenye breki.

*Nimepata chesi na injini ya Austin 7, bodi imeoza. Nataka kuunda bodi ya Ulster, ila mti wa ash wanaotumia Waingereza haupatikani huku. Nitumie mti gani, na bati la unene gani?* – Msomaji, Shella, Malindi

Mti usubiri kwanza. Pima chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari. Chesi fupi ina milimita 1,905 kutoka ekseli hadi ekseli, ile ndefu ya baadaye ina 2,057. Pima pia mishazari yote miwili. Ikipishana zaidi ya milimita 3, inyooshwe kabla ya jambo lingine lolote, maana bodi iliyopimiwa chesi iliyopinda haitakaa sawa maisha. Kwangua kutu kwenye kila ribiti. Nyufa huanzia hapo, kwa sababu chuma chake ni chembamba na chesi yote hujipinda barabarani.

Mti ni mvule uliokauka vizuri. Mbambakofi ni imara lakini ni mzito mno, na mkoko ni mzito zaidi. Kasoro ya mvule ni mbili: haukubali kupindwa kwa mvuke kama ash, na ndani huwa na vijiwe vinavyoua makali ya randa, kwa hiyo weka jiwe la kunolea karibu. Fundi wa jahazi wa Lamu hutafuta mti uliojipinda wenyewe kwa ajili ya mataruma, yaani mbavu za chombo. Kwa gari, ambalo taruma lake ni milimita 25 kwa 35 tu, pasua mvule vipande vya milimita 4, vipake gundi ya epoksi, vibane juu ya kalibu, uviache siku nzima. Kwa joto la Malindi, changanya gundi kidogo kidogo na uimwage kwenye sahani pana. Ikirundikwa kwenye kikombe hujichemsha yenyewe na kuganda mkononi mwako.

Bati ni alumini laini ya milimita 1.2. Ya milimita 2 itakurahisishia kuchomelea lakini itaongeza uzito bure. Mkia wenye ncha wa bodi ya Ulster usijaribu kuugonga kwa bati moja. Ukate vipande vinne, kila kimoja ukigonge kwa nyundo ya mti juu ya mfuko wa mchanga, kisha uviunge. Bati likianza kuwa gumu, lilainishe: paka sabuni ya mche, pitisha moto wa gesi mpaka sabuni igeuke nyeusi, zima moto, lipoze kwa maji. Usingoje bati libadilike rangi. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Utaona shimo tu.

Ukichomelea kwa gesi na fluksi (dawa ya kusafishia mshono), osha kila mshono kwa maji ya moto na brashi, pande zote mbili. Fluksi iliyobaki hula bati chinichini, na rangi hubabuka miezi michache baadaye.

Na hapa pwani kuna adui mkubwa kuliko huyo, chumvi ya hewani. Alumini ikigusana na chuma, shaba nyekundu au shaba ya manjano penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe ukitoka kwenye maungio. Misumari ya shaba usiitumie kabisa kwenye bodi hii, hata kama ni mizuri kwa mashua. Tumia ribiti na misumari ya alumini. Penye lazima ya bolti ya chuma, weka washa ya mpira na upake praima ya zinki pande zote mbili.

*Injini ikipata moto, geji ya oili haifiki hata 5. Fundi anasema pampu imekufa. Je, ni kweli?* – Msomaji, Maweni, Malindi

Usinunue pampu bado. Injini hii haisukumi oili ndani ya krenkishafti (shafti inayozungushwa na pistoni) kwa nguvu kama gari la leo. Pampu hurusha oili kupitia vitundu viwili vyembamba, mikondo kwenye krenkishafti huidaka, na mzunguko wake huipeleka kwenye beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenkishafti. Geji kusoma pauni 2 hadi 5 kwa inchi ya mraba kwenye injini yenye moto ni kawaida. Cha kuogopa ni kitundu kuziba. Fungua skrubu zake ubavuni mwa injini, pitisha waya mwembamba, kisha teremsha sampo, bakuli la oili chini ya injini, uoshe chujio lake la wavu. Injini haina chujio lingine, kwa hiyo badilisha oili kila kilomita 1,000.

Ulster yenyewe ililishwa krenkishafti yake kwa oili ya shinikizo. Injini ya kawaida haina hilo, na kwenye injini za kabla ya 1936 krenkishafti imeshikwa na beringi mbili tu, mbele na nyuma. Ikizungushwa kwa kasi kubwa hupinda katikati, na siku moja hukatika. Ipime: shingo za konrodi za zamani zina milimita 28.6, za baadaye 33.3. Ile nyembamba usiitumie kwa mbio. Yoyote utakayoitumia, iloweke kwenye mafuta ya taa usiku kucha, ifute ikauke kabisa, uipake unga wa chaki. Penye ufa patatokea mstari wa unyevu. Ikiwa ni ya zamani lakini safi, usipite mizunguko 4,000 kwa dakika. Krenkishafti mpya za chuma bora bado zinatengenezwa Uingereza, na hapo ndipo pesa yako ya kwanza iende, kabla ya rangi na kabla ya taa.

*Nikimaliza, naweza kuliuza kama Ulster?* – Msomaji, Lamu

Hapana. Ni Austin 7 yenye bodi ya Ulster, na liandikwe hivyo. Gonga mwaka wa kuundwa kwake kwenye kibati cha shaba ndani ya chumba cha dereva, kikazwe kwenye mti wala si kwenye alumini, na nambari za zamani za chesi na injini usizifute wala kuzihamisha.