Milimita 7 na bado natetemeka: maswali yenu ya kuzamia maji baridi

Shikamoo kaka. Mi nilijifunza kuzamia kwenye maji ya moto, wetisuti, ile nguo ya mpira ya kuzamia, yenye unene wa milimita 3 ilikuwa inanitosha kabisa. Sasa nimeanza kwenda kwenye ziwa moja, huku chini kompyuta ya kuzamia ninayovaa inasoma nyuzi 11. Rafiki yangu akaniazima wetisuti yake ya milimita 7, dakika ya 15 meno yanagongana nikampa mwenzangu ishara tupande. Nataka kununua yangu, je nitafute nene zaidi ya hiyo? – Natetemeka

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya kutafuta nene zaidi hebu niambie, wewe na huyo rafiki mnalingana mwili? Maana umeandika yote, ziwa, nyuzi, dakika, ila la saizi umeliruka na mi nahisi hapo ndo penye shida.

Kuna kitu wengi tumefundishwa nusunusu, kwamba wetisuti inaingiza maji kidogo, mwili unayapasha, basi hayo maji ndo yanakupa joto. Sio. Kinachozuia baridi ni vipovu vya gesi vilivyofungiwa ndani ya neoprini, yani ule mpira laini unaoubonyeza kwa kidole. Hugh Bradner, mwanafizikia wa Marekani aliyeibuni hii nguo mwaka 1952, alishaliona hilo tangu mwanzo, kwamba mtu akilowa sio tatizo ilimradi nguo yenyewe imebeba gesi. Maji yaliyoingia kazi yake ni moja tu, kutulia. Yakitulia yanapata joto lako mara moja na mchezo umeisha, lakini suti ikiwa imepwaya kila ukipiga mapezi ya miguuni unayasukuma nje yale uliyoyapasha na mengine ya baridi yanaingia mgongoni, na maji yanapitisha joto kama mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo we unakuwa unachemsha ziwa zima kwa kifua chako. Hapo hata uvae nene kama godoro utatetemeka tu. Mi milimita 5 iliyonishika vizuri naichagua mbele ya 7 ya kuazima, siku yoyote.

Sasa ukienda kujaribu usisimame tu mbele ya kioo ukijitazama. Chuchumaa, nyanyua mikono juu, inama kama unavaa mapezi, halafu mtu akupapase sehemu nne: bonde la mgongo juu ya kiuno, makwapani, katikati ya mapaja na nyuma ya shingo. Akiweza kuvuta kitambaa kikaacha nafasi ya hewa, hapo maji yatakaa na yatatembea. Bonde la mgongo ndo linawaponza wengi, kwa sababu suti nyingi zinashonwa kama vile binadamu wote tuna mgongo ulionyooka. Nchi kavu suti nzuri inaudhi kidogo, kuivaa unatoka jasho, ila uweze kuvuta pumzi mpaka mwisho bila kifua kugoma. Na shingo isikukabe, nasisitiza hapo, kwa sababu shingo ikibanwa sana mapigo ya moyo yanaweza kushuka ukapata kizunguzungu, na chini ya maji sio mahali pa kuzimia.

Halafu angalia mishono. Geuza suti ndani nje uitazame. Mshono unaopitisha sindano upande mpaka upande una vitundu, unafaa maji ya moto. Wa maji baridi unagundishwa kwanza kwa gundi halafu unashonwa bila sindano kutokea upande wa pili, na bora zaidi ukiwa umefunikwa kwa utepe ndani. Mikononi na miguuni kuwe na pindo la neoprini laini inayonata kwenye ngozi, na nyuma ya zipu kuwe na ulimi wa kuzuia maji. Suti yenye hivyo vyote ndo wanaiita semidrai, na kwa nyuzi 11 usiende chini ya hapo.

Na usiichukue ile ya watu wa mawimbi, wanaoteleza juu ya maji kwa ubao, hata ikiwa laini na tamu kuvaa. Neoprini yao ni nyepesi kwa sababu wao wanabaki juu. Wewe ukifika mita 10 mgandamizo ni mara 2 ya juu, mita 30 ni mara 4, vile vipovu vinasinyaa, kwa hiyo milimita 7 yako kule chini sio 7 tena, na laini inasinyaa haraka zaidi. Ndo maana mtu anasema juu nilikuwa poa, baridi imenikuta chini, kumbe nguo imekonda.

Kaka, hudi, ile kofia ya neoprini ya kichwani, inanibana na nikiivaa sisikii vizuri. Nikiiacha kuna shida gani?

Paji la uso litakujibu ndani ya dakika moja. Kwenye maji ya hivo hudi ni sehemu ya suti, sio pambo. Tafuta yenye kola ndefu inayoingia ndani ya shingo ya suti, au suti yenye hudi ya kushonewa kabisa. Glavu nazo za milimita 5, vidole vikifa ganzi hata bizimu ya mkanda huwezi kuifungua, sasa fikiria una dharura. Buti pia, hilo halina mjadala.

Ni wakati gani mtu anaachana na wetisuti anaingia kwenye draisuti, ile isiyoingiza maji kabisa?

Kila mwili na baridi yake, mtu mwembamba asijipime kwa mnene. Kwa kawaida nyuzi 18 kwenda juu milimita 5 inatosha wengi, kati ya 10 na 18 ni milimita 7 au semidrai, chini ya 10 mi naongelea draisuti, na hiyo ujifunze kwanza na mwalimu maana hewa iliyo ndani inaweza kukupandisha kama puto. Ila usihesabu mbizi moja peke yake. Semidrai inakuvusha dakika 30 za kwanza vizuri, halafu unakaa juu na suti mbichi upepo unakupiga, mbizi ya pili unaingia ukiwa tayari umepoa. Na mtu aliyepoa wakati wa kupanda mwili wake unatoa polepole naitrojeni, ile gesi ya hewa ya mtungi inayojikusanya mwilini ukiwa chini, na ikichelewa kutoka inaweza kukuumiza, kwa hiyo ukianza kutetemeka usibishane na mtu, maliza mbizi.

Nimepata suti iliyotumika, nitajuaje kama bado nzima?

Ibonyeze magotini na mabegani. Ikirudi haraka ina uhai, ikibaki na alama ya kidole vipovu vimekufa, hapo unanunua raba tupu.

Nimevaa milimita 7 mpya nimegoma kuzama!

Hahaha, ongeza risasi, vile vizito vya mkandani. Suti nene inaelea sana. Lakini usijibebeshe tu, pima mtungi ukiwa umebaki na hewa kidogo: jaketi la kuelea likiwa tupu, pumzi ya kawaida, maji yafike usawa wa macho. Ukipima na mtungi uliojaa, mwisho wa mbizi hewa imeisha na mtungi umekuwa mwepesi, utashindwa kutulia mita 5 unaposimama kidogo kabla ya kutoka. Kule chini suti ikisinyaa utakuwa mzito, utaongeza hewa kwenye jaketi, na ukipanda kumbuka kuitoa mapema.

Samahani kwa swali, ni kweli watu wanakojoa humo ndani?

Wanakojoa, na anayekataa muulize tena. Baridi inasukuma damu kutoka mikononi na miguuni kuja katikati, mwili unadhani maji yamezidi na figo zinaanza kuyatoa. Usiache kunywa maji kwa sababu hiyo. Joto lenyewe halidumu, na suti ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, ikaushwe kivulini kwenye hanga pana. Na wewe Natetemeka, hiyo ya rafiki yako ioshe mara mbili kabla hujamrudishia.