Usianze na vyumba 365

Kaka, umeuliza kama utaweza kubuni handaki la mchezo wa mezani (yaani ramani ya vyumba vya chini ya ardhi ambavyo wachezaji huvipitia kwa kuigiza wahusika), chumba kimoja kila siku kwa mwaka mzima, na huku duka linakubana mpaka saa mbili usiku. Mwaka 2023 wachezaji wengi duniani walijipa kazi iyo hiyo: vyumba 365, kila mwezi ghorofa yake. Nami nilijitosa. Nilikwama Machi, kwa kuwa nilikosa siku nne nikataka kulipa deni lote usiku mmoja. Siku ikikupita, iache iende zake.

Chumba kitoshee katika mistari mitatu. Kalamu ikigoma, nenda Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, na daftari la miraba. Wareno waliianza 1593, na Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698. Sasa jiulize: waliofungiwa ndani walikunywa nini? Hapo umeshapata chumba. "Birika. Maji yafika magotini. Kamba imekatwa kwa kisu, na ndoo haionekani." Basi, funga daftari ukalale.

Vikifika vyumba saba, ita wenzako Ijumaa usiku, leta dadu na kahawa, wachezeshe hivyo hivyo vikiwa vibichi. Wangu walihangaika na ile ndoo saa nzima, joka nililolichora wiki mbili wakalipita bila hata salamu! (Liliniuma, sikufichi.) Lakini ghorofa ya pili niliijenga kwa kumfuata aliyeichukua ndoo.

Ramani nzuri itangoja. Penseli na kifutio vyakutosha kwa sasa.